Sampuli ya Kinamasi cha Bugolobi

Watu hudhani anayetoa jina kwa kuvu mpya huamka asubuhi akaokota na kutaja. Miaka mitatu nilihangaika na uyoga mmoja wa rangi ya majivu, niliouokota kwenye gogo la mchikichi katika kinamasi kilicho chini ya maghorofa ya mtaa wa Bugolobi. Niliupima kwa hadubini, nikauchora, nikasoma habari za jamaa zake wote hadi macho yakaniuma. Haukufanana na wowote ule. Nilikuwa nimeamua kuupa jina la mama yangu, na hilo sikumwambia.

Sheria ya kazi yetu haina huruma: jina halisimami bila sampuli. Uyoga wenyewe, uliokaushwa, lazima uwekwe kwenye hifadhi ya sampuli ili mwenye shaka aje autazame. Picha hazitoshi. Mimi nilikuwa na bahasha moja tu, vichwa vinne vilivyosinyaa.

Wiki niliyokuwa namalizia maelezo, paa la maabara likavuja na sampuli ikavuta unyevu. Kikaushio kilikuwa kibovu. Nikaichukua nyumbani, nikaiweka kwenye chanja juu ya jiko la makaa. Ni siku mbili tu, nikajiambia. Na shahada zangu zote hizo, mjinga mimi!

Mama alikuwa amekuja kutoka Gulu kunitembelea. Ni mjane wa askari, Kiswahili chake ni cha kambini, na kwake uyoga uliokaushwa juu ya moshi ni kitoweo cha kumpikia mtu unayempenda. Jioni nilirudi nimelowa, nikakuta mchuzi wa karanga. Nikala, nikakomba bakuli, nikasifu. Kisha nikamwuliza uyoga ameutoa wapi.

"Ile ya juu ya sigiri," alisema kwa furaha. "Ilikuwa kidogo, mimi naweka yote kwa bakuli yako. Wewe nakonda sana, mtoto yangu."

Nikachokora sufuria kwa kijiko kama mwehu. Mlikuwa na karanga tu. Mama akadhani bado nina njaa.

Kesho yake nikateremka kinamasini. Malori yalikuwa yakimwaga kifusi, na mahali pa gogo palikuwa tambarare. Nimetafuta kwingine msimu baada ya msimu, hadi mabonde ya Bwaise, upande mwingine wa jiji, sijauona tena. Sidhani kama upo. Nilipoula sikuugua hata tumbo. Hilo ndilo jambo la mwisho ninalolijua juu yake, na hakuna pa kuliandika. Maelezo yangu yamo kwenye droo, kurasa kumi na moja, na siku hizi sizifungui.

Mama hunipigia simu kila Jumapili. Juzi aliniuliza kama ile kazi ya kutoa jina imekwisha.

"Bado, mama."

"Wewe nakosa nini? Sema tu. Kama iko huku Gulu, mimi natuma."

Nikamwambia sikosi kitu.