Vioo Viwili Dirishani Sosiot

Mwaka ule nilikuwa nasomea jua. Ndivyo mama alivyowaambia majirani, nami sikumsahihisha. Katika maabara ya chuo, Nairobi, nilitengeneza seli za sola: utando mweusi, mwembamba kuliko ganda la kitunguu, uliopakwa juu ya kioo. Seli za aina hii kwa kawaida hutumia risasi, ambayo ni sumu kwa maji na udongo. Sisi tulitumia bati. Shida ya bati ni kwamba likikutana na hewa na unyevu linaharibika. Utando unapauka, umeme unakwisha.

Basi nikachanganya humo dawa iliyokamuliwa kutoka majani mabichi ya chai, ya kuzuia hewa isilile bati. Maabarani ilisaidia. Nikatamani kuijaribu kwetu Sosiot, milimani kwenye mashamba ya chai, ambako ukungu huingia nyumbani bila kupiga hodi.

Likizo ilipofika, niliweka vioo viwili kwenye dirisha la jikoni, kimoja chenye dawa ya chai na kingine bila, kila kimoja na mita yake ndogo ya kupimia umeme. Mama akaingia kutoka shambani, kikapu cha majani bado mgongoni.

"Hii ndiyo sola?"

"Ndiyo, mama. Ya bati."

Akatazama paa. "Bati kama hili letu?"

"Hapana. Lile wanalopaka ndani ya mikebe, isishike kutu."

Jua likapenya ukungu na mishale ya mita ikainuka. Kivuli cha wingu kilikuwa kikishuka mlimani, kikiifunika michai mstari kwa mstari, na kilipotufikia mishale ikalala. Kikapita, ikaamka. Mama akaweka kiganja juu ya kioo, akakiondoa, akakiweka tena, akicheka kwa sauti ya chini.

"Inapumua," alisema.

Tukakaa hapo, chai ikipoa vikombeni. Sijui tulikaa muda gani. Nakumbuka tu kijani kikigeuka cheusi, kisha kijani tena, na harufu ya majani kikapuni.

Kufikia chakula cha mchana, kioo kisicho na dawa kilikuwa kimepauka hadi nikaona nyasi za nje kupitia kwake. Jua liliwaka, mshale haukutikisika.

"Huyu amekufa?"

"Amekufa, mama."

"Na mwenzake?"

"Bado yuko."

Akanishika mkono.

Kisha mvua zikaanza. Utando wa kile cha pili ukapauka kuanzia pembeni, taratibu, nami nikiutazama kila asubuhi bila uchungu. Pale pembeni ndipo unyevu ulipopenyea. Niliporudi chuoni nilijifunza kuziba kingo za vioo vizuri zaidi, na nikapunguza dawa kidogo, maana ikizidi huzuia umeme.

Siku hizi seli zetu hudumu majuma, na zinatoa umeme zaidi kuliko zile za kwanza. Hazijafikia kuwekwa juu ya nyumba ya mtu. Wingu likipita juu ya chuo, mimi huacha kazi kidogo nikatazama mshale ukilala, nikingoja uamke.