Sampo zinazomaliza dagaa wa Klementina

Saa tatu asubuhi, jua la Ujiji limeshaanza kuuma. Klementina Bonaventura (61) anageuza dagaa juu ya kichanja kwa viganja viwili, taratibu, wasikatike vichwa. Dalali Rodgers anafika, anasalimia, na mkono tayari umeshachota.

"Shikamoo, mama. Sampo tu, za kuonja."

"Marahaba. Kitendawili!"

"Tega."

"Kila mmoja kachukua kidogo, mwenyewe kabaki hana."

"Sampo!" wanajibu wanawake wa vichanja vya jirani, wakiangua kicheko. Klementina hacheki.

Mkazi huyu wa Kasingirima ameanika dagaa miaka ishirini na sita. Zamani, anasema, mnunuzi alitafuna dagaa watatu kusikia kama wana mchanga, basi. Siku hizi neno limezaa.

"Anayetafuna, sampo. Anayemfungia tajiri wake wa Dar, sampo. Mkaguzi naye sampo, majibu sijawahi kuyaona. Hata wa bodaboda anataka sampo ya kulia ugali! Kuomba wanaona haya."

Mwezi uliopita yalimfika shingoni. Mteja wa Kasulu alikuwa amemwagiza madebe sita. Klementina akaweka debe tupu kando ya kichanja; kila mtu akichota dagaa, naye anachota mchanga kiasi kilekile na kuutia humo. Siku ya tatu debe likajaa. Kupima dagaa, akapata madebe matano. Mteja hakutaka pungufu. Akaenda kununua kwingine mzigo wote.

"Angekuwa mwizi ningepiga yowe," anasema, sauti ikipanda. "Hawa wamenimaliza huku wananiita mama!"

Jirani yake, Edina, anakiri kwamba kosa ni uoga wao wenyewe. "Ukimnyima dalali, kesho anakuruka, anakwenda kwa mwenzako."

Ndiyo maana Klementina anapita kichanja kwa kichanja. Wanawake kumi na mmoja wamekubali kukataa kwa pamoja. Bado watatu.

Mteja wa Kasulu amekubali kumjaribu tena: madebe manane, Ijumaa ijayo.

"Yatafika manane," anasema Klementina, akikung'uta magamba mikononi. "Wa kuonja aonje. Dagaa watatu, hapahapa mbele yangu. Atafune, ameze, kisha anijibu: unanunua au hununui?"