Amri Iliyomkuta Kinyozi Kazini

Kifungua mimba wangu ni fundi cherehani. Anashona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yangu, na ukiingia haangalii uso wako, anaangalia mabega. Alirudi kwangu na watoto wawili na cherehani yake, mkono wa kushoto umevimba hadi vidole havikunjiki. Hakulia. Aliniomba mafuta ya cherehani, akaanza kazi. Aliyekosa usingizi ni mimi.

Mumewe ni kinyozi. Mtaani wanamwita Laini, kwa sababu ya mkono wake mwepesi kichwani mwa mteja. Ulaini huo haukuwahi kufika nyumbani.

Mahakama ilimpa binti yangu amri ya ulinzi: mume asimguse, asimtishe, asifike anapoishi wala anapofanyia kazi. Nilidhani tumemaliza. Karani akanitoa ujinga.

"Bado, mama. Lazima akabidhiwe. Asipoijua amri, atashikwaje kwa kuivunja?"

Na Laini alikuwa na pua ya paka. Mpeleka hati wa mahakama, mama mmoja mwenye mkoba mweusi anayetembea kwa kuburuta miguu, kila akitokea barabarani, Laini alikuwa ameshapita mlango wa nyuma wa duka lake la kunyolea. Mama yake Laini, anayeshinda pale mlangoni, kazi yake ilikuwa kujibu.

"Amesafiri."

Mashine bado ya moto mezani, povu bado bichi kwenye brashi, amesafiri.

Huku kwangu hakuwa amesafiri. Alikuja akaegemea dirisha, akaongea polepole kama mtu anayeuliza bei. "Endelea kushona. Si vidole bado unavyo?" Watoto waliingia chini ya meza ya kukatia nguo. Nilipopiga simu polisi, waliniuliza kama ameshakabidhiwa amri. Nikasema hapatikani. Wakasema watakuja wakipata gari. Gari halikupatikana.

Binti yangu alitoboa kitambaa kwa pini, kisha akasema, "Mama, yule hamwachi mtu nusu."

"Nusu ya nini?"

"Kichwa. Mtoto alipoungua na maji ya moto nilimpigia simu. Alimaliza kichwa cha mteja kwanza, ndipo akaja. Akiwa na mtu kitini hatakimbia."

"Atamtambua mtu wa mahakama."

"Atakayekaa kitini ni mjomba."

Mjomba wake ni kaka yangu, mwashi, mtu mnene mwenye nywele zilizojaa vumbi la saruji. Mjomba wa mke haendi bure kwa mkwe aliyegombana na familia. Akionekana pale, ujue amekwenda kusuluhisha, na mkwe lazima ampokee. Laini alilijua hilo, nasi tulijua kwamba analijua. Mpeleka hati tukamwacha duka la jirani, akijifanya anachagua betri.

Kaka alipokaa kitini, mimi nilikaa kwenye benchi la wateja. Mama yake Laini akanitazama kuanzia viatuni.

"Mkwe, umepotea. Huko kwenu vinyozi wamekwisha?"

"Wapo. Ila wanakata na masikio."

Benchi likacheka. Laini akamfunga kaka kitambaa shingoni, akakikaza kuliko inavyotakiwa.

"Mjomba, nilijua mtakuja. Nilimwambia mama, hawa wakichoka kumlisha watamrudisha wenyewe."

"Anza pembeni, mkwe. Maneno tutayafikia."

"Maneno ni machache. Mpwa wako akafute upuuzi wake mahakamani. Halafu aje apige magoti hapa, mbele ya wateja. Nitamsamehe, nikipenda."

Niliikalia mikono yangu. Mashine ilipanda kutoka sikio la kulia mpaka utosini. Upande mmoja ukang'aa, wa pili ukabaki kichaka. Nikakohoa, kama tulivyokubaliana.

Mpeleka hati aliingia bila haraka. Mama yake Laini alikuwa amenikodolea macho mimi, akashtukia mtu ameshampita.

"Amesafiri," akasema kwa mazoea, na mwanawe yuko pale, mashine mkononi inanguruma.

Mteja mmoja alicheka hadi akashika ukuta. Laini hakucheka. Aliutazama mlango wa nyuma, akakitazama kichwa cha kaka, akawatazama wateja wanaomtazama.

"Usiniache hivi, mkwe," kaka akamwambia. "Watoto watanirushia mawe."

Hapo ndipo alipochelewa. Mpeleka hati akamtaja jina lake lote, akamsomea amri kwa sauti ya kusikika nje, kisha akamnyooshea nakala.

"Sipokei takataka."

"Usipokee." Akaiweka mezani, kati ya chanuo na spiriti. "Nimekusomea, umesikia. Kwamba umekataa kusaini, nitaandika. Mashahidi ninao benchi zima."

Laini alinitazama ndani ya kioo. "Kikongwe wewe. Na huyo mwanao, nikimpata nita..."

"Malizia," mpeleka hati akasema, kalamu tayari. "Ninaandika."

Hakumalizia. Alichomaliza ni kichwa cha kaka, akiikandamiza mashine hadi ngozi ikawa nyekundu. Kaka alivumilia.

Kesho yake Laini alikuja dirishani kwetu. Nilijua atakuja, nilikuwa nimeamka mapema kumngoja. Aligonga kioo kwa ukucha.

"Ile karatasi yenu inapigana? Iiteni basi."

Binti yangu aliondoa mguu kwenye cherehani, akapiga simu mwenyewe. Wakamuuliza lile swali lao. "Amekabidhiwa jana," akasema, "dukani kwake, mbele ya wateja." Safari hii hawakungoja gari. Walikuja wawili kwa miguu, wakamkuta bado ameegemea dirisha, kwa sababu hakuamini kwamba watakuja.

Waliondoka naye, na mama yake akawafuata barabara nzima, akinitukana mimi, si wao. Najua ipo siku watamwachia. Niliingia ndani, nikashusha komeo, nikaegemea mlango kwa mgongo.

"Mama, fungua," binti yangu akasema. "Kuna mtu anabisha."

Nilichungulia kwanza. Alikuwa mteja, ameshika mkono wa mtoto wa kupimwa sare. Nikafungua.