Mama Pindo Apinga Zabuni

Wateja walimwita Mama Pindo, kwani hakuna nguo iliyotoka mikononi mwake ikiwa na pindo la kulipualipua. Mjane, mkali, pini mdomoni tangu asubuhi. Mdogo wake wa kike alijifunza ushonaji chini ya meza yake, akiokota vifungo. Hilo ndilo lililomkereketa: yule aliyefundishwa naye kushika mkasi sasa alikuwa na duka la vioo, vyerehani vya umeme, na mume wa kumfungulia mlango wa gari.

Wivu hauna dawa ya kunywa. Mama Pindo alivuka barabara ili asilione lile duka, kisha akageuza shingo alione.

Basi hospitali kuu ikatangaza zabuni ya magauni ya wagonjwa. Dada mtu na mdogo mtu, wote wakapeleka bahasha. Siku ya kuzifungua Mama Pindo alifika akiwa amejipara, akakuta zimeshafunguliwa bila mwombaji hata mmoja kuwapo. Jina la mshindi lilikuwa limebandikwa ukutani, nalo lilikuwa la mdogo wake.

"Dada, hata mimi nimepigiwa simu tu," mdogo wake alijitetea. "Sijui walifungua saa ngapi."

"Usinichekeshe. Kikulacho ki nguoni mwako."

Akaenda mahakamani. Kwa wakili alisema anatafuta haki, na haki kweli ilikuwa upande wake. Bahasha zilipaswa kufunguliwa mbele ya waombaji wote. Lakini moyoni hakuwa na habari na sheria. Alichotaka ni kuona vile vioo vimebandikwa karatasi ya "Fremu Inapangishwa". Katika benchi la mahakama walikaa huyu ncha hii, yule ncha ile. Mdogo mtu alipomsogezea chupa ya maji, dada mtu alijifanya anatafuta kitu mkobani.

Jaji akafuta zabuni. Akaamuru irudiwe hadharani, tena sampuli zikaguliwe bila majina, kila gauni na namba yake tu. Siku hiyo Mama Pindo alipita mbele kabisa ya duka la vioo, taratibu, mtandio begani.

Zabuni ya pili ilifanyika ukumbini, na safari hii waombaji wote walikuwapo. Magauni yalitundikwa kwenye kamba, yote ya kitambaa kimoja. Kamati iliyakagua, ikaandika alama, kisha muuguzi mkuu akainua lililoongoza na kugeuza ncha yake watu waone. Pembe ilikuwa imekunjwa ndani kwanza, ndipo pindo likapita juu yake.

Mama Pindo akaruka kitini.

"Hilo langu! Mjini hapa nani mwingine anakunja pembe hivyo? Lichemsheni mwaka mzima, halifumuki. Mkimpa mtu mwingine kazi hii, mtakuwa mmewadhulumu wagonjwa!"

Watu wakapiga makofi. Katibu akasoma namba, akatafuta jina, akakohoa. Lilikuwa gauni la mdogo wake. La Mama Pindo lilikuwa la pili, pindo limevutika upande mmoja. Alilishona harakaharaka, huku roho yake iko kwenye duka la watu.

"Dada," mdogo wake alisema polepole, "si ulinichapa vidole kwa rula mpaka nikaijua hiyo pembe?"

Ukumbi ukacheka, bila ubaya. Mama Pindo hakucheka.

"Kwa amri ya mahakama," muuguzi mkuu akauliza, "yupo mwenye pingamizi?"

Nyuso zote zikamgeukia. Wakili wake alikuwa pale pale, kalamu mkononi. Pingamizi alikuwa nalo, tena la kujaza ukumbi, lakini ulimi hauna mfupa, na wake ulikuwa umeshamaliza kila kitu.

"Sina."

Mdogo wake akaangua kilio cha furaha mbele za watu, bila haya. Hata hicho kilio, Mama Pindo alikionea wivu.