Salamu za Mama Siti

Kama uliishi mjini Baraka na ulikuwa na kitu kinachotumia umeme, basi Néhémie aliwahi kukifungua. Redio, simu, taa za sola, hata mashine ya kinyozi wa sokoni. Jibu lake lilikuwa lilelile kabla hata hajakitazama: "Shida hapana." Neno hilo lilimjengea jina mjini. Mimi Godelieve, niliyefanya naye kazi katika redio yetu ndogo tangu tukiwa vijana, nilikuwa nalichukia. Sasa halisemi tena, na najikuta nalitamani.

Mimi mtangazaji, yeye fundi. Kila Ijumaa jioni tulifunga siku kwa kipindi cha salamu. Watu walitoka Swima, wengine walivuka kwa mtumbwi kutoka Ubwari, wakakaa kwenye benchi la nje wakingoja kuwasalimia ndugu waliokimbilia kambini ng'ambo ya ziwa. Mimi nilimtaja mtu, kisha nikatoka kumwandaa anayefuata. Néhémie alibaki mle ndani akirekodi, amevaa vifaa vya kusikilizia masikioni. Sidhani kama kuna mtu katika eneo zima la Fizi aliyesikia watu wengi wakilia kuliko yeye.

Yasmina alitujia akiwa ametoka kambini, mfuko bado begani. Mama yake, Siti wa Ubwari, alikuwa amefariki kabla yeye hajarudi. Huko kambini jirani aliwahi kumwambia kwamba mama yake amemsalimia redioni, lakini saa ile yeye alikuwa kwenye foleni ya maji, hakusikia. Sasa alitaka kitu kimoja tu: asikie salamu ile.

"Shida hapana, mutoto yangu," Néhémie akamwambia. "Kesho utasikia."

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Kompyuta yenye salamu zote ilikuwa mgonjwa. Ukiiwasha inajizima, ukiiwasha tena inajizima. Lakini alikuwa ameshaahidi, na ahadi ilikuwa imekaa pale nje kwenye benchi.

Kesho yake alileta flashi yake ya kufufulia mashine. Kompyuta ikaikataa. Ilikuwa na kufuli lake la kuwashia, limewekwa ili isiwashwe na kitu isichokijua. Néhémie akaingia ndani ya mipangilio, akalizima kufuli lile, akawasha. Safari hii mashine haikujizima. Ikasimama kwenye ukurasa wa buluu, ikadai namba ndefu ya siri ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuiona.

Mama Dorothée, mkurugenzi wetu, akainama kutazama. "Ngoja kwanza, Néhémie. Tuite bale ba Bukavu balituletea hii mashini. Pengine biko na ile code."

"Réseau hakuna tangu asubuhi, mama." Akamwonyesha simu yake isiyo na mtandao.

"Basi tungoje réseau."

"Kungoja ya nini? Tuko na copie. Nafuta yote, narudisha. Mutoto ya mama Siti iko nangoja pale inje."

Nakala kweli ilikuwepo. Kila Ijumaa, wimbo wa kufunga ukianza, Néhémie alianzisha kazi ya kunakili kwenye diski kubwa ya pembeni, kisha akaenda zake nyumbani. Mama Dorothée akasogea pembeni. Mimi pia sikumzuia, kwa sababu mtu aliyetutengenezea kila kitu miaka yote hiyo, utambishia kwa lipi? Akafuta.

Kisha akaanza kurudisha. Mstari unaopima kazi kwenye kioo ukatembea vizuri, ukafika karibu na mwisho, ukasimama. Akaanza upya. Ukasimama palepale. Nilimwona Néhémie akijifuta jasho kwa shati lake mwenyewe, na nikaogopa, maana sikuwahi kumwona hivyo.

Jibu lilitoka kwa Bienfait, mlinzi wetu, ambaye hakujua hata kwamba anajibu kitu. Alikuja kuuliza kama azime jenereta.

"Wimbo wa mwisho ukiisha mi nazimaka," alisema. "Mazutu iko bei."

Alisikiliza kwenye redio yake ndogo pale getini, na wimbo ulipokwisha tu, alizima jenereta ili kuokoa dizeli. Alikuwa mwaminifu kwa kazi yake. Kompyuta iliendelea kwa betri, lakini ile diski ilikula umeme wa ukutani, ikafa kila Ijumaa kabla kazi haijaisha. Kila Ijumaa ilianza tena kutoka salamu za zamani, ikakatika kabla ya kufika zile za karibuni. Asubuhi kompyuta ililalamika kwa Kiingereza, na Néhémie alibonyeza kitufe cha OK, akaendelea na siku yake. Hakuwahi kuifungua nakala ile hata mara moja. Hilo linaniuma kuliko yote.

Jioni mtandao ukarudi. Bwana mmoja wa Bukavu, kati ya wale walioileta mashine, alishangaa simuni. Mngerudisha kufuli kama lilivyokuwa, alisema, isingewadai namba tena. Na hata namba yenyewe tunayo hapa, mngetuuliza tu. Néhémie aliweka simu mezani, akaketi sakafuni.

Yasmina aliingia mwenyewe. Tukamwonyesha faili la mwisho lililorudi, kwa kuwa lilikuwa na jina la mama yake. Néhémie akainuka, akalifungua. Ikasikika sauti yangu, changamfu, sauti ya mtu asiye na haraka: na sasa tuko na mama Siti, kutoka Ubwari. Kiti kikalia. Mtu akavuta pumzi. Halafu kimya. Umeme ulikuwa umekatikia hapo, katikati ya kunakili.

Yasmina hakulia. Alimgeukia Néhémie.

"Papa Néhémie, siku ile ulikuwa hapa ndani na yeye?"

"Nilikuwa."

"Basi we ulimusikia. Alisema nini?"

Nilimfahamu mtu huyu. Nilijua angeweza kumtungia maneno matamu, na Mungu anisamehe, niliomba ayatunge. Néhémie akamtazama machoni.

"Siko nakumbuka," alisema. "Nilikuwa naangalia tu kama sauti iko naingia."

Yasmina akavuta kiti, kilekile cha wageni, akakisogeza karibu na spika.

"Basi unirudishie pale anavuta pumuzi."

Néhémie akarudisha.