Taa Niliyoitundika Katikati ya Mpunga wa Shangazi

Aibu hii nimetoka nayo Lumemo na kila ninapohamia nakuta imeshafika, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe.

Nilikuwa nimefikia huko Lumemo kwa shangazi yangu Adelina (nilishachoka kutangatanga, Mlimba, mashamba ya miwa, msiniulize), akanipa kazi moja tu, kulinda mpunga wake usiliwe na nguruwe pori, nami kwa uvivu nikaona badala ya kukesha kibandani nikipiga debe, nisimike nguzo katikati ya shamba, nitundike taa kubwa ya sola iwake toka jua linapozama hadi asubuhi, mimi nikalale nyumbani. Nguruwe kweli hawakuja. Shangazi akanisifu kwa majirani, kichwa kikavimba.

Mashamba yote yakatoa masuke. La kwetu lilitoa pembeni tu. Kuizunguka nguzo mpunga ulibaki majani mabichi, duara kubwa, hauna hata mimba ya suke. Siku ya kuvuna majirani walikuja na miundu kutusaidia, wakasimama kwenye tuta wakitazama.

"Dada Adelina, hapa mmepanda mpunga au malisho ya ng'ombe?" mmoja akauliza, wakacheka wote, na mimi badala ya kunyamaza nikamnyooshea kidole Mzee Kasiani, jirani aliyetupatia mbegu, nikasema, "Muulizeni huyu alichotufanyia."

Kicheko kikakatika. Mzee akaweka mundu wake chini. "Mjukuu wangu, nimekuroga mimi?"

Watu wakaondoka mmoja mmoja, wakimpita kwa mbali.

Bwana shamba alipokuja, siku ya tatu, hakugusa hata udongo. Aliangalia juu. "Hiyo taa inawaka usiku kucha?" Akatueleza kwamba mbegu yetu ya kienyeji hupima urefu wa giza, usiku ukirefuka, mpunga unajua wakati wa kuchanua umefika, lakini ukiumulika, kwake usiku haujaingia. (Mimi ninayeuliza kila kitu, hadi konokono analalaje, hilo sikuwahi kuliuliza.)

Shangazi hakunifokea. Alisema tu, "Nenda kwa Mzee."

Nikapiga magoti mlangoni kwake. "Shikamoo babu, nisamehe."

"Marahaba. Nimekusamehe. Lakini uliyasema mbele za watu, kawaambie na wao."

Jumapili baada ya misa nikasimama nje ya kanisa nikasema yote, taa, giza, uvivu wangu. Wengine walinicheka hadi wakashika mbavu, na hao sikuwalaumu. Walioniumiza ni wale walionong'ona kwamba mzee amenitisha, ndiyo maana nimegeuza maneno.

Nilipoiondoa taa, lile duara lilichanua, kwa kuchelewa, ndege wakalimaliza. Mzee Kasiani hakusubiri msimu mwingine. Alifunga nyumba akahamia kwa mwanaye, na wale wanong'onaji wakasema, mnaona, amekimbia. Nimeapa, jambo likiniharibikia nitatafuta kwanza mkono wangu humo kabla sijataja jina la mtu. Ila kiapo hicho kwake hakina faida tena.