Malkia Chini ya Kapeti

Mimi huandika polepole, kwa sababu nikifika kwenye neno lenye r au l husimama kwanza. Nyumbani tunasema Kiha, na ulimi wetu huzichanganya herufi hizo mbili. Mtu wa hapa Kasulu akitaka kusema "nimelala", mara nyingi hutoka "nimerara". Mtaani kwetu hakuna anayecheka. Aliyecheka ni mwenye nyumba wetu, ilhali mama yake mzazi, anayekaa Kibondo, husema "nimerara" mpaka leo.

Mwenye nyumba alikuwa ameishi Dar muda mrefu. Aliporudi aliamua ua wetu uwe kiwanja kidogo cha mpira, chenye nyasi za plastiki, vijana wakodi kwa saa. Ua wenyewe ni mdogo, vyumba vya wapangaji upande huu, ukuta wa jirani upande ule. Katikati palikuwa na kichuguu, na kichuguu hicho kilikuwa cha mama yangu. Marehemu baba yake mwenye nyumba alimpa mama mbele ya wapangaji wote, na kwetu kichuguu kina mwenyewe hata kikiwa katika ardhi ya mtu mwingine. Kila mvua za kwanza kumbikumbi walipotoka, walikuwa wa mama. Majirani walikuja na mabakuli na kuomba.

Mwenye nyumba alikivunja wakati mama yuko Kabanga, akimuuguza dada yake hospitalini. Mama aliporudi alikuta pako sawa kama sakafu.

"Baba, kichuguu changu kiko wapi?" mama alimuuliza mwenye nyumba.

"Ule ni udongo tu, mama. Nikununulie mwingine?"

Vijana wenye majembe wakacheka. Mama akaingia ndani na mfuko wake. Tangu saa ile nilitaka yule mtu alipe. Sikujua kwa njia gani.

Nikaomba kibarua cha kutandika kiwanja. Fundi alitoka Kibondo, mtu mtaratibu. Kabla hawajamwaga kokoto nilijikaza, nikamfuata mwenye nyumba. Mimi si mtu wa kusema mbele za watu, lakini malkia wa mchwa asipotolewa, kichuguu huota tena, na hilo kila mtoto wa huku analijua.

"Bosi, hawajamtoa malkia. Amerara humo chini."

"Amefanyaje?"

"Amerara."

"Ame-ra-ra! Jamani, njooni mumsikie huyu! Malkia gani huyo anayerara, wa Uingereza? Sema lala."

"Rara."

"Basi nenda ukarare naye!"

Wote walicheka, hata wale waliojua kwamba nasema kweli. Yeye mwenyewe alikula kumbikumbi utotoni. Lakini aliisikia herufi, maneno hakuyasikia. Kuanzia hapo nikaitwa Malkia Rara. Malkia Rara, lete gundi. Malkia Rara, shika kapeti.

Nilishika. Kokoto zikashindiliwa, mchanga ukasawazishwa, mikunjo ya nyasi ikafunguliwa, zote zikielekea upande mmoja. Mimi nilipewa kuunga vipande, kupaka gundi kwenye utepe na kukandamiza. Nilipaka vizuri kuliko wote, makusudi. Sikutaka aje kupata pa kusingizia. Fundi akatoboa matundu kwa nondo ya moto ili maji yashuke, wakazungusha wavu. Kila tundu nililitazama na kufurahi moyoni.

Siku ya kufungua, mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha asubuhi, kisha jua likatoka. Mchungaji aliomba. Wageni walikaa kwenye viti vya plastiki, na mama yake mwenye nyumba, aliyeletwa kutoka Kibondo, aliwekwa mbele. Vijana wakaanza kucheza na jezi mpya.

Nje ya wavu, karibu na jiko letu, palibaki ukingo wa kichuguu, uliosawazishwa na ardhi. Mama alichomeka kibao ardhini, akanipa kijiti kimoja, akabaki na kingine. Tukagonga kama tunavyogonga kila mwaka, upesi upesi, sauti ya mvua, ili walio chini wadhani inanyesha.

"Mnafanya nini hapo?" mwenye nyumba alipaza sauti.

"Tunashangilia, baba," mama alimjibu.

Akatoka mmoja. Wakatoka kumi. Halafu kila tundu la nondo likawa linamwaga mabawa, na pembeni kapeti likatikisika. Mtoto akalia, "Kumbikumbi!" na mechi ikaishia hapo. Golikipa alivua jezi akaigeuza mfuko. Mchungaji alitumia kofia. Kuku wa mtaa mzima wakapita chini ya wavu. Mwenye nyumba alikimbia huku na huku, "Ondokeni! Mnachafua! Tokeni na viatu!" na viatu vilikuwa vinaponda na kuteleza kwenye mafuta ya kumbikumbi.

Mama yake akasimama, akakinga kwa kanga, akasema kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri:

"Mwanangu, mbona hamkumtoa marikia? Amerara humu chini!"

Nikamtazama mwenye nyumba. Nilitaka aseme, "Sema lala."

"Tulimwambia, mama," mama yangu alisema.

Bibi aligeuka, akamtambua. "Kumbe ni kile cha kwako, alichokupa mzee?" Akaja mpaka kwenye wavu, akakung'uta kanga yake yote ndani ya beseni letu. Kisha akawageukia waliojaza jezi na kofia. "Leteni. Wana mwenyewe." Wakaleta, mchungaji pia.

Baada ya hapo kapeti lilianza kuvimba katikati, kama tumbo. Mpira ukifika pale unageuka wenyewe, na hakuna anayekodi. Juzi mwenye nyumba alikuja jikoni kwetu, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Binti, kichuguu kilikuwa usawa gani hasa? Sitaki kulikata kapeti lote. Huyo malkia yuko wapi?"

Nilikuwa nakaanga. Niliwageuza kumbikumbi kwenye kikaango, nikawaongezea chumvi, bila haraka.

"Amerara, bosi," nikasema.

Alingoja niendelee. Nikaendelea kukaanga.